Kudumu katika Shauku ya Wanyama Watambaao

Katika lugha yetu, kufuga nyoka ni lawama. Mtu akimlea mtoto wa mwenzake, na mtoto yule akaja kumgeuka, majirani humwambia kwamba muda wote ule alikuwa akifuga nyoka ndani ya nyumba yake. Wahenga nao wametuachia kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi lugha imekwisha kata shauri kabla sisi hatujafungua vinywa. Hata hivyo, hapa Mwanza na katika Usukuma yote, wamekuwako watu waliofuga nyoka kizazi baada ya kizazi, wakacheza nao ngoma mbele ya halaiki, na shauku yao haikupungua hata vichwa vyao vilipojaa mvi. Sisi si wa chama chao. Kazi yetu imekuwa ya ofisini, na uraibu wetu umekuwa kutunga mashairi na kuwatazama wanyama watambaao wa mwambao huu wa Ziwa Victoria. Lakini katika miaka zaidi ya ishirini ya kutazama, tumeona kwamba kuanza kuwapenda wanyama hawa ni jambo jepesi, na kudumu katika mapenzi hayo ni jambo zito. Ndiyo maana tuliwafuata wazee wale kwa maswali.

Tunaposema wanyama watambaao twakusudia wale ambao walimu wa elimu-viumbe huwaita reptilia: nyoka, mijusi, kenge, vinyonga, kobe na mamba. Anayekaa Mwanza hana haja ya kufunga safari kwenda kuwaona. Mji huu umejengwa juu ya mawe na kati ya mawe. Majabali ya matale yamekaa juu ya vilima kana kwamba yamepangwa na mikono, na mengine yamesimama ndani ya maji. Jua likishapanda, juu ya majabali hayo hutoka mjusi dume mwenye kichwa na mabega ya rangi ya waridi inayoelekea zambarau, na kiwiliwili cha buluu iliyokolea. Mwaka 1923 Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefanya kazi ya wanyama hapa Tanganyika, alimwandika mjusi huyu katika sayansi, na jina alilompa limebeba jina la mji wetu: mwanzae. Huko Ulaya na Marekani wafugaji wa mijusi wamempachika jina la Spider-Man, kwa sababu ya mavazi ya shujaa yule wa vitabu vya picha. Watoto wa mitaani kwetu hawamwiti hivyo. Wao humrushia mawe, kisha humcheka anapotikisa kichwa juu chini, wakidai kwamba anawaitikia.

Miaka ishirini kabla ya Loveridge, yaani mwaka 1903, mtaalamu wa Vienna aliyeitwa Friedrich Siebenrock alimweleza kwa mara ya kwanza kobe wa ajabu, aliye bapa kama chapati, na kobe yule alikuwa ametoka Busisi, ng'ambo ya pili ya ghuba, pale ambapo tangu Juni 2025 daraja refu limeiunganisha na Kigongo. Kobe huyu hana gamba gumu la kujifungia ndani yake. Gamba lake ni jembamba na hubonyea. Akiona hatari hukimbia, tena kwa mbio zisizo za kikobe, akajipenyeza katika ufa wa jabali asiweze kutolewa. Jike hutaga yai moja kwa mara moja. Mnyama azaaye pole pole namna hii hawezi kustahimili kuvunwa, na wafugaji wa nchi za nje walimtamani kupita kiasi. Kwa hiyo mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kumwingiza katika orodha ya wale ambao ni marufuku kuwatoa porini na kuwauza kimataifa. Kabla ya hapo, mwaka 2016, Serikali yetu ilikuwa imesimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje.

Basi tazama, ewe msomaji, jinsi shauku ilivyo kitu cha ajabu. Mtu wa mbali hulipa fedha nyingi na kuvunja sheria ili apate kumtia ndani ya sanduku la kioo mnyama ambaye sisi twampita asubuhi tukienda kazini bila hata kugeuza shingo. Hatusemi hivyo kwa kumcheka mtu wa mbali. Shauku yake, maadamu ipo, ni bora kuliko kutojali kwetu. Swali ni kama itadumu.

Aghalabu haidumu. Tulikuwa na jirani, kijana mwerevu, aliyeokota kobe barabarani alipokuwa akitoka Kwimba. Juma la kwanza uwanja wake ulijaa watoto na wakubwa. Alimjengea kobe boma la matofali, akamkatia majani mabichi, akampa jina. Mwezi wa pili ulipoingia, tulimkuta ameketi kibarazani, uso umemshuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hajambo mgeni wako?"

"Ni mzima, mzee wangu, ila hana habari nami hata kidogo. Anakula, analala. Mbwa angalau hutikisa mkia."

Tulimkumbusha kwamba sheria ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kufuga mnyamapori bila kibali, na juma lile lile alimpeleka kwa maofisa wanaohusika. Alipumua kama mtu aliyetua mzigo. Hatukumlaumu kwa uchovu wake, kwa sababu neno alilolisema lilikuwa kweli tupu. Mnyama atambaaye hamjali mfugaji. Mwili wake hautengenezi joto lake wenyewe kama miili yetu. Hulipata kwa kuota jua na juu ya mawe yenye moto. Kwa hiyo mahitaji yake ya chakula ni madogo, na mwendo wake ni wa kuweka akiba. Chatu akishameza swala hulala majuma mengi akiyeyusha, na anaweza kukaa miezi asile kitu chochote. Mtu aliyezoea kupata matukio kila siku atamtazama chatu siku ya kwanza kwa hofu, siku ya pili kwa furaha, siku ya kumi atamtazama kama gogo. Gogo lile halikubadilika tangu siku ya kwanza. Kilichokwisha ni upya wake. Na mwenye kupenda upya hana budi kutafuta nyoka mwingine, mkubwa zaidi au mwenye sumu kali zaidi, mpaka ama achoke kabisa ama apatwe na maafa.

Sasa tuje kwa Bayeye.

Buyeye ni chama cha Wasukuma cha watu wa nyoka. Wanachama wake huitwa Bayeye. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni na aliyeishi hapa Mwanza, aliandika makala juu yao mwaka 1946, na makaratasi yake mengi leo yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye aliwaita chama cha siri. Neno hilo si la uongo, lakini lataka kusomwa kwa uangalifu. Siri ya Bayeye ilifanana na ile ya wahunzi: kulikuwa na ujuzi ambao hupewi bila kuingizwa, na huingizwi bila kuwa na mwalimu. Mwanafunzi alilipa ada, akafundishwa miti na mizizi, akachanjwa chale za dawa, akajifunza nyimbo, akajifunza tabia za kila nyoka kabla ya kumgusa hata mmoja. Hata nyimbo zilikuwa sehemu ya kazi. Frank Gunderson, Mmarekani aliyekusanya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuzitolea kitabu kikubwa mwaka 2010, aliwaweka wawinda nyoka katika kundi moja na wawinda nungu na wakulima, yaani watu wanaoimba kwa kuwa wanafanya kazi.

Tulimpata mwalimu wetu mwaka 2002, wakati wa sensa ya watu na makazi, tulipopelekwa wilaya ya Magu kusaidia shughuli za makaratasi. Ulikuwa mwezi wa Agosti, pamba na nafaka zimekwisha vunwa, na kila jioni ngoma zilisikika kutoka pande mbili tatu. Mwenyeji wetu alituonyesha mji wa mzee mmoja wa Bayeye, mwenye miaka kama sabini, mwembamba, mpole wa maneno. Tulimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," naye akaitikia kwa utaratibu, akauliza habari za nyumbani kwetu, za ng'ombe, za mvua, mpaka salamu zikaisha zote. Ndipo tukauliza kama twaweza kumwona nyoka. Akafungua kifuniko cha sanduku la mbao. Ndani alilala chatu, amejikunja, hata ulimi haukutikisika.

Tulimwuliza, "Baba, huyu tangu lini hajala?"

"Tangu pamba iko shambani, mwanangu."

"Nawe humtazama kila siku?"

"Kila siku."

"Huchoki?"

Mzee alitutazama kama atazamavyo mtu aliyeulizwa kama huchoka kutazama mbingu wakati wa masika. Kisha akatuita karibu, akatuonyesha macho ya chatu yule. Yalikuwa na ukungu, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Akasema kwamba ukungu ule ungekaa siku chache, kisha macho yangetakata tena, na baada ya siku chache nyingine nyoka angevua gamba lake kuanzia midomoni. Katika siku zile nyoka haoni vizuri, na kwa hiyo huwa mkali. Mchezaji asiyejua hilo ndiye aumwaye mbele ya watu. Jirani zake, alisema, walidhani kwamba sanduku lile halina habari. Yeye kila asubuhi alikuwa na jambo la kusoma ndani yake.

Halafu akatusimulia kisa ambacho hatujakisahau. Mwaka uliotangulia alikuwa amemkuta chatu jike ndani ya shimo lililochimbwa na muhanga, amejizungusha juu ya mayai yake. Wenzake walitaka kumtoa, kwa kuwa alikuwa mkubwa na ngoma ilikuwa karibu. Mzee alikataa. Badala ya kumchukua, alikwenda shimoni kila baada ya siku chache, zaidi ya miezi miwili, akilala kifudifudi na kuchungulia. Nyoka yule alitoka mara chache tu kuota jua penye mdomo wa shimo, kisha akarudi juu ya mayai akiwa na joto mwilini. Mzee aliyagusa magome ya udongo alipokuwa amelala jike, akasema yalikuwa na joto kama mahali alipotoka kuku atamiaye. Wataalamu wa vyuo nao wamekuja kuandika kwamba chatu wa Afrika huyalinda mayai yake mpaka yaanguliwe. Mzee hakuwa na haja ya kuthibitishiwa. Alichotaka kutueleza kilikuwa kingine: kwamba alikuwa katika kazi ile miaka arobaini, na bado hajui kwa nini jike mmoja huyakalia mayai mpaka mwisho na mwingine huyaacha. Aliyasema haya kwa furaha ya wazi, kama kijana aliyeahidiwa safari.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa. Jirani yetu wa kobe alikuwa ameweka shauku yake ndani ya mnyama, na mnyama hakuwa na kitu cha kumrudishia. Mzee alikuwa ameiweka katika maswali, nayo hayakuwa yameisha.

Lakini maswali peke yake hayamtoshi mtu kwa miaka arobaini. Bayeye walikuwa na wenzao, na walikuwa na wapinzani. Katika Usukuma ngoma zimegawanyika pande mbili tangu siku za Ngika na Gumha, wacheza ngoma na waganga mashuhuri wa zamani, ambao wafuasi wao ndio hao Bagika na Bagalu. Hata leo pande hizo hushindana. Wachezaji husimama uwanjani siku moja na saa moja, kila upande na ngoma zake, na mwamuzi ni umati wenyewe: upande utakaovuta watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Hebu fikiri shuruti iliyomo katika mashindano ya namna hiyo. Alichokionyesha mchezaji mwaka jana, mpinzani wake amekwisha kiona. Hana budi kurudi na jambo jipya: wimbo, vazi, kinyago, au nyoka aliyefundishwa kuzungushwa shingoni kwa namna ambayo haijapata kuonekana. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliielewa nguvu hiyo alipoanzisha Bujora, karibu na Kisesa, sikukuu ya Bulabo katika miaka ya 1950, ambapo pande hizo mbili hukutana kila mwaka kwenye mwezi wa Juni. Makumbusho ya Wasukuma yaliyofunguliwa pale mwaka 1968 yana ngoma, viti vya watemi na vifaa vya vyama hivyo. Wanafunzi waendao kuyatazama hutoka wamejaa majina na tarehe. Tungependa mwalimu awaambie pia kwamba vifaa vile vilichakaa kwa sababu watu walitaka kushindana.

Na baada ya mashindano kulikuwa na kupumzika. Jambo hili twaliona kuwa kubwa kuliko yote, nalo ndilo linalosahauliwa upesi zaidi. Mzee wetu hakumweka chatu mwaka mzima. Mvua za vuli zilipoanza, ngoma zilifungwa, watu wakashika majembe, naye alimchukua nyoka mpaka vichaka alikomtoa, akamwachia. Miezi yote ya kilimo hakuwa na nyoka. "Nikiwa nao mvua na kiangazi," alisema, "nitawachukia." Kiangazi kiliporudi, alikwenda kutafuta tena, na miguu yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa na njaa.

Tulimwuliza pia juu ya dawa, nasi yafaa tuseme maoni yetu bila kuficha. Bayeye walikuwa waganga wa walioumwa, na heshima yao kubwa vijijini ilitokana na hilo. Nyoka akiingia ghalani, waliitwa usiku wa manane. Mchungaji akiumwa, alibebwa mpaka kwao. Wajibu huo uliishikilia ari yao hata katika miaka ambayo ngoma ilikuwa dhaifu, kwa sababu mtu anaweza kuuacha mchezo, lakini hawezi kumwacha mgonjwa mlangoni. Hata hivyo hatuwezi kumwambia mwanafunzi kwamba chale zitamwokoa na sumu ya swila au koboko. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka wenye sumu katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyoachwa nyuma, na tiba inayoizima sumu ni dawa maalumu itolewayo hospitalini. Aliyeumwa atulizwe, asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, kiungo kisitikiswe, na afikishwe hospitali bila kuchelewa. Mzee mwenyewe alituambia kwamba wakati huo alikuwa akiwatuma watu hospitali kwanza, na kuwapa dawa zake wakirudi. Alisema haya bila aibu. Aliwajua moma na swila vya kutosha.

Kuna shauku ya namna nyingine, ya mtu mmoja mmoja, nayo tusiidharau. C. J. P. Ionides, Mwingereza aliyekuja katika idara ya wanyama ya Tanganyika mwaka 1933 na kuishi Liwale na Newala mpaka karibu na kifo chake mwaka 1968, alikamata nyoka kwa maelfu, akaumwa mara nyingi, na hakuchoka. Alikuwa mtu wa upweke, mkaidi, aliyeyatoa maisha yake yote. Watu kama yeye huzaliwa mmoja mmoja, na nchi haiwezi kupanga utamaduni wake juu ya watu wa bahati namna hiyo. Buyeye iliweza kumchukua mkulima wa kawaida, mwenye shamba, mke na madeni, ikamfanya awe na ari ya miaka hamsini. Hapo ndipo ulipo ubora wake.

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alisikitika kwamba vijana waliosoma walizijua dansi za Wazungu na hawakuzijua ngoma za baba zao. Tangu wakati ule ngoma ya nyoka imepanda majukwaa mengi, na si haba. Lakini tukiitazama leo, moyo wetu hautulii. Imefupishwa kuwa ya robo saa. Huchezwa Januari kama ichezwavyo Juni, kwa wageni ambao hawakuiona ya jana, na kwa hiyo haimlazimu mchezaji kubuni jipya. Mpinzani hayupo upande wa pili wa uwanja. Chatu ni yule yule, yumo sandukuni mvua na kiangazi. Tuliongea na mwanafunzi mmoja wa mzee wetu, ambaye sasa hucheza kwa malipo mjini, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba amechoka na nyoka. Mzee alikufa mwaka 2014 bila kulitamka neno hilo. Kwa upande mwingine wako vijana wanaojipiga picha za simu wakimshika moma mkiani, hawana mwalimu wala ada, na watazamaji wao hawajui tofauti kati ya moma na chatu. Huyu wa pili ana shauku tele. Tunamhofia kuliko yule aliyechoka.

Ilitupasa sisi nasi tupate namna yetu. Nyuma ya nyumba tuliyopanga tangu 2004 kuna majabali mawili, moja juu ya jingine, na juu yake wamo mijusi wale wa waridi na buluu. Hatujapata kumkamata hata mmoja. Tulinunua daftari la shule, tukaanza kuandika kila Jumamosi na Jumapili asubuhi: nani ametoka, saa ngapi, ameketi wapi, amepigana na nani. Dume mmoja hutawala jabali, pamoja na majike kadhaa ya rangi ya udongo. Madume wengine hukaa pembeni, wamefifia, wakijifanya majike. Mtawala akifa au akishindwa, mmoja wa wale waliofifia huwaka rangi katika siku chache, kana kwamba alikuwa ameihifadhi mfukoni. Usiku, na anapoogopa, hata mtawala hugeuka kahawia. Tumekwisha waona watawala saba. Siku nyingi daftari lina neno moja tu: hakuna. Mashairi tuliyoyapata kutoka jabali lile katika miaka yote hiyo ni manne, na moja tulilichana.

Tungekuwa peke yetu tungaliacha zamani. Kilichotuokoa ni rafiki mmoja, mwalimu wa sekondari, mlezi wa klabu ya Malihai ya shule yake. Klabu hizo zimekuwako nchini tangu 1980, nazo zina ugonjwa unaojulikana na kila mlezi: Januari wanachama mia, Juni wanachama kumi na wawili. Mwalimu yule aliigawa klabu yake pande mbili, akaupa kila upande majabali yake karibu na shule, na kila mwisho wa muhula pande zile zilisimama mbele ya wanafunzi wote, kila moja ikieleza mambo mapya iliyoyaona. Umati ulihamia upande ulioupendeza. Hakumtaja Ngika wala Gumha. Wakati wa mitihani alifunga klabu kabisa, akakataza hata kuchungulia. Mwaka wa kwanza walibaki ishirini na tisa; mwaka wa tatu walikuwa zaidi ya sitini, na wawili kati yao walikuja kubishana nasi juu ya saa ambayo majike hushuka kutaga mchangani. Walikuwa na hoja.

Mwaka 2019 jabali la chini lilichomwa moto wa matairi likapasuliwa. Wanawake wanne walikaa pale chini ya mwavuli wakigonga kokoto kwa nyundo, na kwa kokoto zile wamesomesha watoto. Hatukuwa na neno la kuwaambia. Siku ya tatu mmoja wao alituuliza tulikuwa tukiandika nini.

"Tunawaandika mijusi, mama."

"Wale wanaopigana saa nne?"

Hatukujua kwamba walikuwa wakipigana saa nne. Saa nne sisi tuko ofisini. Tangu siku hiyo mama yule ametupa habari nyingi kuliko tulizozipata wenyewe. Yeye hukaa pale kutwa, na mkono ukigonga jiwe macho huwa hayana kazi. Alitueleza jinsi mijusi wa jabali lililovunjwa walivyopanda la juu, na vita iliyofuata kwa karibu miezi miwili. Majuma mengine hututumia ujumbe: "Baba, yule wa buluu leo hakutoka." Wenzake walimcheka mwanzoni, kisha nao wakaanza kubishana naye.

Sasa tuko katika daftari la nne, na zimebaki kurasa kama arobaini. Kiwanja kimeuzwa. Wapima ardhi wamekuja, wakapiga msalaba wa rangi nyekundu ubavuni mwa jabali la juu. Jumamosi iliyopita, saa mbili na nusu, dume mpya, wa nane, alikuwa ameketi juu ya msalaba ule akiota jua. Rangi yake ilikuwa bado haijakolea mabegani.